Mtaa Ulioogopa Taa

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini hukunilea nianze na neno jingine mbele yako.

Ulituleta Malindi tukikimbia vita, ukatupangia nyumba Shella, ukawa fundi wa stima. Lakini kila uliposema "kwetu," tulijua ni Kismayu, ng'ambo ya mpaka, ulikofanya kazi ya umeme kabla ya bunduki kuuzima mji. Ulipoitwa ukasaidie kuurudisha umeme, Mama alikusihi ubaki. Ukamjibu, "Mji ule niliuacha gizani, Zuhura. Sina raha."

Kwenye simu hukulalamikia kazi. Ulilalamikia woga. Nguzo zilisimama, nyaya zikavutwa, ila watu hawakutaka kuwasha taa. Wakati wa vita, nyumba yenye mwanga ndiyo iliyovamiwa. Basi ukafunga globu nje ya chumba chako, na kila baada ya magharibi ukaketi chini yake na kahawa yako, wapita njia wakuone u mzima. Siku moja uliniambia kwa furaha, "Jirani kawasha yake leo, mwanangu! Watoto wanacheza uani."

Wengine wakafuata. Hata hivyo hawakuamini kwamba stima itadumu, wakabaki na jenereta zao. Asubuhi ile ya mwisho, wewe na wenzako mlizima laini, ukapanda nguzo kutengeneza waya. Jirani yuleyule, Mzee Omari, alipoona umeme umekatika, akawasha jenereta aliyoiunganisha na nyaya za nyumba. Umeme wake ukarudi kwenye laini, ukakukuta juu.

Alikuja Malindi kwenye khitma yako. Alisimama mlangoni akilia, asithubutu kuingia. "Aliniwashia taa, nami nikamuua," alisema. Mama akaagiza atandikiwe mkeka. Mimi nikatoka kwa mlango wa nyuma, nisimwone.

Juzi alinipigia simu. Tangu ufe, mtaa mzima umekata nyaya. Wanasema stima inaua. "Mimi hawanisikii," alisema. "Wewe ni damu yake. Wakikuona umekuja bila kuiogopa, wataamini."

Nilikata simu. Mama alikuwa amesikia yote. Akaniambia taratibu, "Babako hakufa ili watu wale warudi gizani."

Sijamsamehe Mzee Omari, Baba. Lakini Jumamosi naenda Kismayu, na sijui mkono wake nitaupokeaje.

Lala kwa rehema za Mola.

Bintiyo wa pekee