Marehemu Anaongezeka Uzito

Mpendwa Bibi mshauri, naomba unisaidie kabla akili haijaniruka. Mimi natunza kadi za wagonjwa na wajawazito katika zahanati moja ya huku Mpimbwe, jina lake nalificha, na kinachonitesa ni kwamba mwaka jana wakati wa mavuno ya mpunga tulimzika rafiki yangu Emerensiana, alikufa kwa homa akiwa na mimba changa, nilimwosha mimi mwenyewe kwa mikono hii, nikamfunga kidevu, halafu miezi ikapita, siku moja ya kliniki nikachukua kadi iliyokuwa juu nikaita bila kuangalia sana, "Emerensiana!", na sauti ikaitika kutoka barazani, "Abee," akaja mtu amevaa kitenge chake kilekile, akapanda kwenye mizani.

Mama Ng'washi, mmoja wa Wasukuma waliohamia huku na ng'ombe wao, alikuwa kwenye foleni, akaninong'oneza, "We dada, huyu si tulimzika?" wenyeji wakamcheka, "Nyie wageni hamjui mambo ya kwetu," maana alikuwa ni Lucia, mdogo wake marehemu, ambaye siku ya kuondoa msiba shangazi yao alimrithisha jina, akapewa na nyumba na mume na kikapu cha vitu vya dada yake, na kadi ya kliniki ilikuwa humohumo, na kwetu mtu akisharithi jina ukimwita kwa la zamani umemtukana, hata watoto wa marehemu wanamwita mama, basi nikaandika uzito wake mstari wa chini ya ule wa marehemu, na mwezi uliofuata tena, na mwezi huu tena, marehemu anaongezeka uzito, Bibi, na kwa kadi hiyo mimba imetimiza mwaka.

Sasa kadi inasema mimba ni ya nne, watatu wa kwanza alizaa salama, kimo kinatosha, azalie hapahapa kwetu. Lucia hajawahi kuzaa, kichwa chake hakifiki begani kwangu, na mwezi ujao anajifungua. Nilimwambia mganga wa zahanati yetu, Bwana Gaudensi, akasema, "Kadi haijakosea, wewe ndiye hujui kuhesabu miezi," nilipombana akashusha sauti, akasema kwamba tukianza kutoa wafu kwenye kadi watu wetu watapungua, na boksi la dawa linalotoka wilayani litapungua nalo, niwaache walipo. Na wapo wengi, Bibi, nikifungua sanduku la kadi nikaita majina najua wengi wako makaburini, na najua wataitika. Celestin, aliyefanya kazi hii kabla yangu, alimwandikia mzee mmoja AMEFARIKI kwa wino mwekundu, na wiki ileile aliyerithi jina la mzee huyo, kijana mzima, akaletwa amefungwa kwenye baiskeli, akafia mlangoni. Tangu hapo hakuna anayeigusa kalamu nyekundu. Nikisahihisha kadi naogopa nitamwua Lucia, nikinyamaza naogopa nitamwua Lucia. Nifanyeje?

Mtunza Kadi, Mpimbwe
Machi 1996

BIBI ANAJIBU

Mwanangu, pole. Barua yako nimesomewa, nikaomba nisomewe tena, chai ikapoa. Shule sikuiona, lakini kuzaa nakujua, kuosha maiti nakujua, na jina ninaloitwa ni la shangazi yangu aliyekufa. Mpaka leo nikiitwa kwa nyuma nasikia kama tunaitika wawili. Kwa hiyo sikucheki.

Ila nitakugombeza. Jina linarithiwa, nyonga hazirithiwi! Msichana mfupi amesimama mbele yako kwenye mizani, unamwona, halafu unaandika habari za mwanamke mwingine kwa kuwa mstari ulikuwa wazi? Wewe uliyemwosha dada yake?

Na huyo kijana wa kwenye baiskeli, wino haukumwua. Mimi nauliza: alipoanza kuugua, alipewa dawa kwa kadi ya nani, yake au ya mzee? Muulize Gaudensi, halafu usikilize atakavyokohoa. Hata hivyo, kalamu nyekundu itupe chooni. Huwezi kumwandikia mtu kifo juu ya jina ambalo mwenzake anatembea nalo.

Leo hii nenda kwa shangazi yao, yule aliyemvika Lucia jina. Kwa mume usianzie, atakupotezea siku. Piga magoti, mwambie jina hamlitoi, mnachoomba ni kadi ya zamani ikapumzike na mwenyewe. Kisha mwandikie Lucia kadi yake: kwanza jina alilopewa na mama yake, pembeni andika anaitwa pia Emerensiana. Mpime upya, kimo, damu, kila kitu. Amezaa mara ngapi, muulize yeye. Usimsomee wewe ili aitikie tu, maana binti mwenye adabu ataitikia mpaka kaburini.

Hao wengine wa sandukuni, pita nyumba kwa nyumba, pole pole, mwenye jina akiwa mbele ya macho yako. Na msiba ukiisha popote, siku ya kurithisha jina uwepo, ukae na wanawake, kadi irudi mkononi mwako kabla kikapu hakijafunguliwa. Gaudensi mwambie wafu hawaumwi. Mama Ng'washi na wenzake waliohamia, wana kadi? Nakuambia hawana. Waandike hao walio hai, boksi litajaa bila kuomba kwa niaba ya makaburi.

Halafu Lucia atoke hapo, akasubiri siku zake hospitali ya Mpanda, njia ingali inapitika. Shangazi akikataa, akisema mnataka kuliua jina, usibishane naye. Muulize tu, "Na huyu akimfuata dada yake kaburini, jina mtamvika nani?" Mwache awaangalie mabinti waliobaki pale uani, mmoja mmoja. Baiskeli atakutafutia yeye mwenyewe.