Uyoga Chini ya Nyanya Zako

Mume wangu, Baba Furaha,

Mvua imerudi hapa kambini Dzaleka, na uyoga umerudi nayo.

Unakumbuka mwaka ule wa kwanza? Ulitandaza mabua ya mahindi na vumbi la mbao ulilopewa na maseremala, ukafunika udongo wote chini ya nyanya na lengalenga, mchicha wetu, ili usikauke. Baadaye uyoga ukachomoza kila mahali, mweupe, unanuka. Nilikasirika, nikakwambia bustani imeharibika. Ukacheka.

"Hapana, Mama Furaha. Buyoga haigusi nyanya, iko nakula mabua tu. Mi naogopea mutoto."

Furaha alikuwa anatambaa, kila kitu kinywani. Basi kila asubuhi ulivaa mfuko wa plastiki mkononi, ukang'oa uyoga kabla haujafunguka, ukaufukia mbali. Kisha uligeuza mabua yapigwe na jua.

Msimu huu ulitandaza mengine, ukaenda Lilongwe kuuza nyanya sokoni Tsoka. Homa ikakukamata hukohuko. Ndugu yako anayekaa Kauma, mjini huko, alinipigia simu kwamba uko hospitali. Nilipofika, walikuwa wamekwisha kukufunika. Nilikushika mkono. Kwenye kucha kulikuwa bado na udongo wetu.

Baada ya mazishi sikutoka nje. Nililala tu, nimeangalia ukuta, mpaka jirani yetu Mama Chance alipopiga kelele: "Mama Furaha! Mutoto iko nakula buyoga!"

Nilikimbia. Furaha alikuwa amechuchumaa bustanini, mashavu yamejaa. Niliingiza kidole kinywani mwake, nikautoa wote. Hakuwa amemeza. Nikamkumbatia, nikalia kilio ambacho kaburini kilikataa kutoka.

"Toa hiyo mabua yote, choma," Mama Chance akanishauri.

Ningechomaje? Mikono yako ndiyo iliyoyatandaza. Nikatafuta mfuko wa plastiki, nikainama.

Sasa kila asubuhi mi njo nang'oa badala yako. Ninageuza mabua kama ulivyokuwa ukifanya, ninayasogeza kidogo mbali na mashina. Jana kulikuwa na baridi, nikavaa koti lako. Furaha alitoka, akasimama mlangoni, akaona mgongo wangu.

"Papa!" akaita. "Papa!"

Nilitaka kugeuka. Sikugeuka, mpenzi. Nilibaki nimeinama hivyohivyo, ili akuone kidogo zaidi.

Pumzika, wangu.

Ni mimi mkeo,
Mama Furaha