Nia ya Misa kwa Eulalia

Jumatano, 6 Agosti 2025

Eulalia Barragán amekufa. Nimeona kwenye simu, ofisini, chapati mkononi. Muigizaji wa Meksiko, hata si ndugu yangu — na chapati imenishinda kumaliza. Tulimwangalia mimi na mama kule Sumbawanga, kwenye runinga ya jirani. Mama naye hayupo. Nimetafuta mtu wa kumwambia, sikumpata.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Ofisi zimefungwa. Mtaa mzima wa Bagara una wageni, kwangu wamekuja kuku wa jirani tu. Nimeshinda nasoma habari zake. Baba yake aliuza mikate. Kwenye filamu ya kwanza alibeba ndoo, akapita, basi. Miaka mingi wakampa nafasi za mtumishi wa ndani. Halafu ile filamu ya mjane wa mchimba madini — tuzo, kisha tamthilia zikafuatana. Alipofika hamsini wakataka awe bibi kizee tu. Akasusa, akakaa nyumbani miaka sita! Hapo ndipo ninapompendea. Hakuolewa. Majirani walimkuta asubuhi, runinga bado inaongea.

Hilo la mwisho nimelisoma mara nyingi.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimepeleka nia ya misa parokiani. Karani ameandika Eulalia, jina la pili likamshinda, akaliacha. Huku kina Eulalia wapo tele. Hakuuliza, sikusema.

Jumapili, 10 Agosti

Makubwa! Padre kasoma: tumwombee marehemu Eulalia, nia ya Evelyne wa Bagara. Nje ya kanisa Mama Fabiola akanishika mikono yote miwili. Ni jirani yangu, miaka miwili tunapeana salamu za njiani tu. Akasema, dada, unafiwa halafu unakaa kimya, sisi majirani ni wa nini? Akauliza, ndiye aliyekulea? Nikasema nimekua naye. Nikalia, machozi ya kweli kabisa.

Jioni sebule ilijaa. Wameleta unga na sukari. Mama Vailet, jirani mwingine, kaosha vyombo vyangu bila kuuliza. Nitawaambia kesho.

Jumatatu, 11 Agosti

Sikuwaambia. Wamekuja na kande. Tumecheka hadi Mama Vailet akapaliwa. Nilikuwa nimesahau mlango wangu ukigongwa unalia vipi.

Jumanne, 12 Agosti

Kapita Mzee Xavery, mwenyekiti wa jumuiya. Kesho rozari ni hapa kwangu, na nisome wasifu wa marehemu. Tena jumuiya itatoa watu wawili wanisindikize kaburini. Nikasema ni mbali. Akasema, hata iwe Rukwa, binti yangu, tutafika.

Naona aibu. Nikisema ukweli, nani atagonga tena hapa? Nisiposema, tutapanda basi la kwenda wapi?

Jumatano, 13 Agosti

Wapo sebuleni. Naandika haraka.

Nimesoma wasifu. Mikate, ndoo, kazi za ndani, ujane wa kuigiza nikauruka. Meksiko sikuitaja. Nilipofika pale alipokutwa peke yake, Mama Vailet akaangua kilio. Mzee Xavery akasema, hapa kwetu hilo halitatokea. Alikuwa ananitazama mimi.

Sikuweza kuficha tena. Mama Fabiola alipoomba picha ya marehemu, nikampa simu. Ile ya gauni jekundu, tuzo mkononi. Kwa Mama Fabiola runinga haizimwi, tamthilia zote anazijua. Nikakimbilia chumbani, eti nachukua kitenge.

Simu inapita mkono kwa mkono. Nasikia Mzee anaomba miwani. Mtu kauliza kitu, kajibiwa kwa sauti ya chini, nimeshika neno moja tu: tamthilia.

Nasikia simu inawekwa mezani.

Sasa Mama Fabiola ananiita. Dada Evelyne, toka huko uje ukae na sisi, chai inapoa. Natafuta hasira kwenye sauti yake. Ameita tena. Kiti kinavutwa, sijui ananitengea nafasi au anainuka aondoke —