Kishikwambi cha Mama

Jumanne, baada ya isha

Na bado kinaandika yaleyale: "Kitabu hiki hakipatikani katika nchi yako."

Kishikwambi chenyewe nilikiagiza ng'ambo kwa ajili ya mama, maana kinakuza herufi, naye anataka asome kabla macho hayajamwishia kabisa. Pesa yangu ya hapa Dunda, Bagamoyo, wauzaji waliipokea bila kuniuliza nchi. Ushuru nao nikalipa.

Wifi yangu Zuhura anacheka: "Jaza unaishi London, wifi, yaishe!"

Nikamkatalia. Niikane Bagamoyo kwa kitu nilichokinunua kwa jasho langu?

Kisha mama akauliza kutoka chumbani, "Mwanangu, kimekubali?"

Nikamjibu, "Bado kinachaji, mama."

Kumbe kuongopa naweza, tena kwa mama yangu mzazi. Basi kesho tunahamia London.