Wameturuka Kama Wana wa Benyamini

Susu,

Wamekuzika vibaya. Jeneza lilikuwa zuri, chakula kilitosha, na mvua ilingoja mpaka watu wakaondoka. Lakini wamekuzika kama mwanamke ambaye hakuwa na mtu.

Mzee Mutiso, mdogo wa marehemu mume wako, alikuja kutoka Mashuuru na wasifu wako ukiwa tayari mfukoni mwa koti. Hakumuuliza Mama neno. Alisimama kando ya kaburi, hapa nyuma ya nyumba, akasoma ulikozaliwa, ulivyobatizwa, ulivyouza maharagwe soko la Kitengela miaka hiyo yote. Halafu akasoma, "Marehemu hakujaliwa kupata mtoto." Akataja wapwa, akataja majirani, akamtaja hata mchungaji. Mama alikuwa hapo karibu, ameshika leso yako. Mimi nilikuwa kando yake. Akaturuka.

Wewe hukuwahi kuniruhusu niruke. Macho yako yalipofifia nilikuwa nakusomea Biblia nikitoka shule, na wewe ukichambua maharagwe kwenye ungo. Nikifika kwenye yale majina, fulani akamzaa fulani, nilitaka kukimbilia hadithi. Ulinigonga goti kwa kidole. "Usiruke watu. Hao walikuwa na mama zao."

Katika Mwanzo tulisoma wana wa Benyamini, wakawa kumi. Muda mrefu baadaye tukafika Mambo ya Nyakati, wakawa watatu. Uliacha kuchambua. "Soma tena. Umeruka mtu." Nikasoma tena: Bela, Bekeri, Yediaeli. "Ndunge, wewe unataka kwenda kucheza!" Nilikaribia kulia. Nikafungua mbele kidogo nikuonyeshe, na huko wakawa watano, wengine wao hatujawahi kuwasikia. Na yule Ardi, ambaye Mwanzo ni mwana wa Benyamini, katika Hesabu alikuwa mjukuu wake.

Ulicheka mpaka maharagwe yakamwagika. "Hii ni familia kabisa. Kuna mtu alikasirikiwa hapa."

Nilimuuliza mwalimu wetu wa dini. Hakunicheka. Alisema waandishi wale hawakuwa wanahesabu watu kama serikali inavyohesabu. Mmoja aliandika wale ambao uzao wao ulibaki, mwingine alimhesabu mjukuu kama mwana. Nilikuletea jibu hilo mbio. Ukasema, "Sawa. Na aliyeachwa, aliambiwa?"

Mimi sikuambiwa, Susu. Nakuita Susu kama Wakamba wote wanavyomwita nyanya, kwa sababu ya mvi zako. Lakini tangu nikiwa mdogo nilijua mimi ni mtoto wa nyumba yako. Mume wako Kioko alikufa kabla hamjapata mtoto. Ukamwoa Mama kwa desturi yetu, ukapeleka mbuzi kwa baba yake, ili atakaowazaa wawe wa Kioko. Nilipozaliwa ukanipa jina la mama yake Kioko. Huyo ni mama yake Mutiso pia! Aliruka jina la mama yake mzazi na mdomo wake haukutetemeka.

Ndiyo maana nilisema. Sikupanga. Nilisikia tu sauti yangu: "Soma tena."

Akainua macho. "Nani huyo?"

"Ni Ndunge. Umeruka watu."

Yule mama mzee mliyekuwa mkiuza naye sokoni akapaza sauti kutoka nyuma, "Mutiso, mama yako anakuita! Itika!" Watu wakacheka, pale pale kaburini. Mutiso akajifuta jasho. Kisha akamnyooshea Mama kidole, akasema pole pole, kama mtu aliyekuwa akingoja, "Si marehemu mwenyewe alisema kanisani kwamba huyu ni binti wa dada yake? Muulizeni mchungaji."

Mchungaji akatikisa kichwa kukubali. Kwa sababu ni kweli. Ulisema.

Hapo ndipo hasira yangu ilipohama kutoka kwa Mutiso ikaja kwako. Najua mchungaji alihubiri kwamba mwanamke aliyeoa mwanamke hatakaribia Meza ya Bwana. Najua uliogopa. Lakini nyumbani Mama alikuwa mke wako na kanisani alikuwa binti wa dada yako, na maneno yote mawili yalitoka katika mdomo mmoja, ule ule uliokuwa ukiniambia nisiruke watu. Mama alisikia. Aliendelea kukupigia pasi kitambaa chako cheupe cha kanisani kila Jumamosi. Ungekuwa hapa ningekugombeza mpaka nichoke, halafu ningekuwekea chai.

Mutiso alikunja karatasi. Hakusoma tena. Walipoita jamaa kutupa udongo, hatukuitwa. Tulitupa wetu mwisho, wengine wakiwa wameshaenda kwenye chakula.

Sasa anasema hatuna haki ya kukaa hapa. Unajua Kitengela ya siku hizi, kila mtu anatafuta ploti. Ameshafika hadi ofisi ya ardhi Kajiado kuulizia. Jumamosi tumeitwa kwa chifu. Yule mama wa sokoni amesema atakuja. "Mimi nilikula hao mbuzi," anamwambia kila mteja, "na meno nilikuwa nayo!"

Lakini nilitaka kukuambia hili. Jana mtu mmoja alisimama kwenye geti, amevaa viatu vya mjini, akamuuliza Mama, "Wewe ulikuwa nani wa marehemu?" Mama alikuwa anaanika nguo. Hakugeuka haraka. Aliibana kambani ile aliyoishika, akasema kwa sauti ambayo hata jirani aliisikia: "Mke wake."

Nilikuwa sijawahi kumsikia akilitamka, Susu. Maisha yangu yote.

Sasa pumzika. Biblia yako iko kitandani kwangu, na bado kuna punje za maharagwe katikati ya kurasa. Tukijaliwa kukujengea kaburi, watu watakusanyika tena, na siku hiyo nitasoma mimi. Nitaanza na Kioko, halafu wewe, halafu Mama mke wako, halafu mimi. Na nikifika kwa Mutiso, mwana wa Ndunge, nitamtaja pia, kwa sauti ile ile. Yeye naye alikuwa na mama yake.

Ni mimi,
Ndunge wa nyumba ya Kioko