Treni Iliyompita Mama Mkwe

Jumanne jioni. Joto, vumbi, mvua bado.

Nimechoka. Miguu inauma, mgongo unauma, na juu ya hayo nina aibu, na aibu haina dawa ya kuchua. Naandika nimekaa kwenye ngazi za hospitali ya Tabora, chini ya dirisha la wodi ya wazazi. Mke wangu Nyamizi yuko ndani, amelazwa tangu juzi. Uchungu umemshika tangu asubuhi.

Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa hana uhai. Ndiyo maana safari hii Nyamizi alituma maneno kwao: "Mama aje, peke yangu naogopa." Basi, hayo tu.

Na mimi kazi yangu ni kusimamisha treni.

Kituo chetu ni kidogo, maili kumi na tano kutoka mjini: kibanda cha bati, benchi moja, na mimi. Treni ya abiria haisimami mpaka dreva anione nimesimama na bendera nyekundu. Asiponiona, anapiga honi na kupita zake.

Leo saa nne nilitoka na bendera, nikamkuta mama mkwe, anayengoja treni ya kwenda Tabora, amesimama palepale ninaposimama mimi siku zote. Nikarudi nyuma haraka. Kwetu Wanyamwezi mtu hamtazami mama mkwe usoni, wala hasemi naye. Mkikutana njiani, mmoja anaacha njia. Miaka minne nimekula ugali wake na uso wake siujui vizuri. Naye aliponiona alijifunika kanga, akageukia ukuta.

Nikajibanza nyuma ya kibanda nikisubiri asogee. Nadhani naye alikuwa akisubiri niondoke. Treni ikaja. Nikanyoosha mkono wenye bendera kupitia pembeni ya ukuta, mtu mzima mimi, kama ninayeanika nguo. Dreva aliona nini? Mwanamke aliyempa kisogo, na kitambaa. Akapiga honi, akapita.

Nyingine ni Ijumaa.

Mama hakunilaumu. Afadhali angenilaumu. Alimwambia Mama Mihayo, anayeuza karanga pale kituoni: "Mwambie mkwe wangu asijali. Amenipa heshima yangu." Kisha akajitwika mzigo, akaanza kuifuata reli, na goti lake lile bovu. Niliyasikia yote kutoka nyuma ya bati. Heshima gani hii, ya kumtembeza mama wa watu maili kumi na tano juani?

Sikuweza kumfuata hapohapo. Treni ya mizigo ilikuwa inakuja saa sita, na lazima niipe bendera ya kijani. Behewa la mwisho lilipopita tu nilifunga kufuli, nikachukua baiskeli.

Nilimkuta amekaa kando ya reli, goti amelifunga kitambaa. Aliposikia kengele aliinuka aingie porini. Hapo ndipo nikasema naye. Sauti ilinitoka kama ya mgonjwa.

"Mama, panda. Nyamizi anakusubiri."

Alisimama amenipa mgongo. Nilidhani atanitukana.

"Funga mzigo kwanza," akasema, "usije ukadondoka."

Akapanda kwenye keria kinyumenyume, uso wake ukielekea Urambo nyuma yetu, wangu Tabora. Hivyo hatukuonana. Kwenye mchanga nilishuka nikasukuma, yeye akiwa juu vilevile. Watu waliacha majembe kututazama. Mzee mmoja alinijua, akatema mate chini, akageuka. Nikaendelea kusukuma. Najua habari hizi zitafika kijijini kabla yangu, na kwa kweli leo sina nguvu za kuziogopa.

Tumefika saa kumi. Yeye ameingia, mimi nimebaki hapa ngazini. Mtoto bado. Ninachoogopa ni kimoja tu: Nyamizi akijua kwamba niliiacha treni ya mama yake ipite siku kama ya leo, atanitazama vipi?

Sasa hivi nimemsikia dirishani, sauti imekatikakatika kwa maumivu.

"Mama, umekujaje?"

"Kwa treni," mama mkwe amemjibu. "Mume wako aliisimamisha vizuri."