Dawa ya Kutapika Sitaituma

Himbi, Goma,
Tarehe 14 Septemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Kanyere,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na shemeji Benny na watoto. Mko wazima? Baridi ya Liège imeshaanza? Huku tunalala, tunaamka, tunamshukuru Mungu. Papa anasumbuliwa na magoti tu. Mimi nilikatwa titi la kushoto mwezi wa saba. Kidonda kimefunga, ila uchovu haunitoki. Nikifua shuka moja, siku yangu imekwisha.

Habari njema ni kwamba mwanangu Exaucée amepata diploma ya serikali ya kumaliza sekondari. Tulikula kuku, majirani wakaimba, mimi nikasinzia kwenye kiti.

Sasa barua yako aliyoileta Aubin. Nimeisoma mara tatu. Unasema umepata uvimbe kwapani, na kwamba ni karuho, sumu ile ile iliyomuua Mama. Unaniomba nikutumie dawa ya kutapika ya yule mzee wa Kiwanja. Kanyere, sitaituma. Ningekupigia simu, lakini ungenikatiza, kama kawaida yako. Soma mpaka mwisho, halafu ukasirike.

Dawa hiyo niliinywa mimi miezi minane. Kila asubuhi nilitapika, nikaikagua ndoo nione kama sumu imetoka, na uvimbe ukazidi kukua kifuani. Nilipofika hospitali nimekonda, daktari hakunicheka. Aliniuliza nani amekufa kwetu. Mama, akiwa na miaka arobaini na moja, umri wangu wa leo. Mama mkubwa Fabiola, thelathini na nane. Mama yao, ambaye hata picha yake hatuna. Wote saratani ya matiti. Daktari aliyaandika yote.

Alinieleza kwamba ndani ya kila chembe ya mwili kuna jeni za kuilinda. Chembe ikiharibika, zinaisimamisha mpaka itengenezwe. Isipotengenezeka, zinaiua, au zinaiacha izeeke bila kuzaa nyingine. Kila jeni tunapewa nakala mbili, ya baba na ya mama. Anadhani sisi tulirithi kwa Mama nakala moja mbovu. Ile nzima nayo ikiharibika, chembe inazaana tu, hakuna wa kuizuia. Kumbe hata huku kuzeeka kwetu, kwa sehemu, ni ulinzi. Mimi ninayepaka mvi rangi nilicheka hapo, kisha nikalia. Kipimo cha jeni hapa sikukipata. Huko kwenu kipo.

Kuna jambo lingine, nalo linanielemea kuliko kidonda. Unamkumbuka Mama Mwavita, mke wa baba mdogo Kambere. Kwenye matanga ya Mama, mimi na wewe ndio tuliosema mbele ya watu kwamba alimwekea sumu kwenye kasiksi, pombe ya ndizi. Tangu siku hiyo, miaka kumi na tisa, hakuna wa ukoo aliyeonja kitu mkononi mwake.

Nilimfuata kijijini kwake Kalengera mwezi uliopita. Nilimwomba msamaha. Akaleta chai, akainua kikombe changu ili aionje yeye kwanza, kama anavyofanya mtu anayeogopwa. Nikamwambia haina haja.

“Acha nikunywe mbele, mutoto yangu,” akasema. “Nilishazoea.”

Naona haya, Kanyere. Tulimpoteza Mama, tukampoteza na yeye, na ugonjwa tukauacha ukae nyumbani kwetu bila kuulizwa.

Basi nenda kwa daktari juma hili. Usimtajie sumu. Mpe yale majina matatu, na langu liwe la nne. Nimechoka, sina nguvu ya kukubembeleza.

Papa na Exaucée wanakusalimu. Mama Mwavita pia anakusalimu, ila aliniuliza kwanza kama utazipokea salamu zake.

Mungu akulinde mpaka uzeeke. Ukitoka kwa daktari usiandike, nipigie, hata habari ikiwa mbaya.

Dada yako akupendaye,
Charline